Sauti ya Tatu

Mwanamume anayeacha ganda la mkate wa mahindi kwenye sahani, na mkate wenyewe umepikwa na Verdell Tolliver, ama ana mwanamke mwingine au ni mgonjwa. Verdell aliifikiria ile ya kwanza kwa muda wa kumeza tonge moja, akaiacha. Lucius mumewe alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Siku sita za wiki alibeba ngozi mbichi za ng'ombe kwenye machinjio ya kule bondeni, Kansas City, na siku ya saba asubuhi yuko kanisani, alasiri yuko mazoezini na bendi. Mwanamke mwingine angempata saa ngapi?

"Ganda limekukosea nini?" alimwuliza.

"Nimeshiba."

"Umeshibishwa na mboga?" Maana mboga za majani zilikuwa zimekwisha, lakini shingo ya nguruwe ilikuwa imelala pale pale ilipowekwa, nyama yake yote mfupani.

Imogene, binti yao wa pekee, mwalimu wa shule ya msingi na mpiga piano wa kanisa, aliinua macho. "Baba, mbona shavu moja limenona?"

"Umri huo. Wenzangu wananenepa matumbo."

Verdell aliinuka, akazunguka meza na kumshika mumewe kidevu kama anavyoshikwa mtoto asiyetaka kunawa. Harufu ya karafuu ilimpiga puani. Ndani, juu ya meno ya mbele, palikuwa na kipande cha pamba, na ufizi uliokizunguka ulikuwa na rangi ambayo nyama haipaswi kuwa nayo mtu akiwa hai.

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

"Pasaka, na sasa ni Oktoba. Mficha maradhi, Lucius, kifo humwumbua."

"Hakitaniumbua kabla ya tarehe kumi na tisa," Lucius alisema, akachukua kofia na sanduku la tarumbeta, akaenda mazoezini.

Tarehe kumi na tisa ya Oktoba hiyo, mwaka 1957, ilikuwa Jumamosi, na watu wa kampuni moja ya santuri walikuwa wanakuja kutoka New York kuirekodi bendi ya Roscoe Bynum. Walisema wanataka kuuhifadhi muziki wa zamani. Kwa maneno mengine walitaka kuwawahi wazee kabla hawajafa, ila waliandika kwa adabu. Kumbi ambazo bendi ile ilizijaza zilikuwa zimegeuzwa maghala, na vijana walikuwa wakicheza muziki wa magitaa. Wao waliendelea kukutana kila Jumapili juu ya ukumbi wa chama cha wanamuziki weusi: mbeba ngozi, mpeleka barua, kinyozi, watu kumi na wanne wanaopiga kama vile wachezaji elfu moja bado wako chini wanasubiri.

Lucius alipiga tarumbeta ya tatu. Sauti ya tatu si wimbo. Anayepiga ya kwanza ndiye anayekumbukwa, na ya tatu imefichwa katikati, na ukiisikiliza peke yake utadhani mtu anatafuta njia gizani. Lakini itoe, na muziki wote unabaki na pengo. Na katika bendi ile hakuna kilichoandikwa. Mmoja alianzisha kifungu, mwenzake akakipokea, kila mtu akatafuta sauti yake na kuishika kichwani. Sauti ya tatu ya bendi ya Bynum ilikuwa kichwani mwa Lucius tu, na Lucius aliipenda hali hiyo. Kisichoandikwa hakiibwi.

Bendi ilisharekodi mara moja, mwaka 1937. Santuri ile ilikuwa sebuleni mwao, na tarumbeta ya tatu inayosikika ndani yake ni ya mtu wa kuazima kutoka Omaha. Wiki ile Imogene, mtoto wa miaka miwili, alikuwa na dondakoo. Lucius alikuwa amekwishavaa koti aende stesheni, na Verdell ndiye aliyelishika lile koti mlangoni, akasema, "Ukienda utamkuta amezikwa." Lucius akabaki. Mtoto akapona, na Lucius hakulisema jambo lile hata siku moja, jambo ambalo Verdell aliliona zito kuliko kama angelisema. Miaka ishirini na mitano ya kupuliza, na pumzi yake haikuwa imebaki mahali popote duniani.

*

Daktari Pettiford, mweusi mwenzao, alikuwa na chumba chake juu ya duka la dawa. Jumatatu alimweka Lucius kwenye kiti, akaangalia kwa dakika moja tu, akanawa mikono.

"Meno sita ya mbele, juu, nayang'oa. Yote. Leo."

"Nipe mpaka tarehe kumi na tisa, daktari."

"Mimi siku sigawi, Bwana Tolliver. Usaha umeshaingia kwenye mfupa. Ukishuka kwenye damu, nitakuja kukuaga na shada la maua."

"Mpiga tarumbeta asiye na meno ya mbele," Lucius alisema polepole, kwa sababu mdomo ulimwuma, "ni mpiga makofi."

"Yapo meno ya bandia."

"Umewahi kumsikia mtu akipuliza kwa hayo?"

Daktari alimtazama Verdell, aliyekuwa amesimama mlangoni na mkoba ameukumbatia. Alikuwa ameomba ruhusa ya saa mbili kwenye chumba cha kufulia cha hoteli alikopiga pasi mashati, na bibi msimamizi alikuwa amemwambia kwamba watu wenye meno mabovu wanapatikana wengi kuliko wenye kazi. "Sijawahi," daktari alikiri. "Labda baada ya mwaka. Labda kamwe."

Lucius alikubali sindano ya penisilini tu. Daktari alisema itamnunulia siku chache, wala hajui ngapi. Walipofika barabarani Verdell alimshika mkono.

"Santuri ni duara la plastiki, Lucius."

"Na mimi ni nini? Jumatatu nabeba ngozi. Jumanne nabeba ngozi. Nikifa wataandika nini juu yangu, alibeba ngozi?"

"Wataandika mume wa Verdell."

"Ulishanizuia mara moja," Lucius alisema. Hakukuwa na ukali katika sauti yake. "Na ulifanya sawa. Usinizuie mara mbili."

Verdell aliuachia mkono wake. Miaka ishirini alikuwa akiyangoja maneno yale, na yalipokuja hayakuwa na hata hasira ya kumwezesha kujibu.

*

Roscoe Bynum alikuwa na duka la kinyozi, na duka la namna hiyo ni mahali ambapo mwanamke haingii isipokuwa ameleta mtoto au ameleta msiba. Jumanne Verdell aliposukuma mlango, wanaume wote walikata mazungumzo. Bynum alikuwa anamnyoa mteja ndevu, wala hakuusimamisha wembe.

"Dada Tolliver. Karibu, ila viti vyote ni vya wanaume."

"Nitasimama. Nimekuja kwa ajili ya Lucius. Ni mgonjwa, Bwana Bynum. Mtafutie mtu wa kukaa mahali pake."

"Lucius ana mdomo mmoja, na mdomo huo ni wangu mpaka Jumamosi ijayo." Wanaume wakacheka. "Baada ya hapo nakurudishia, umfundishe kubusu."

Verdell aliusubiri ule mcheko uishe. Alihisi masikio yakimwaka moto, lakini hakuondoka. "Na akifa Ijumaa?"

Hapo wembe ulisimama. Bynum aliufuta kwenye taulo, akamsogeza Verdell karibu na dirisha, na sauti yake ikawa ya mtu mwingine. "Unadhani sijaliona lile shavu? Ninaye kijana, Lamont, anasoma noti za muziki kama wewe unavyosoma Zaburi. Lakini atasoma nini? Sauti ya Lucius haijawahi kukanyaga karatasi. Nilimwomba mwaka jana tuiandike. Aliniambia, 'Siku ikiandikwa, mimi ni wa nini?'"

"Na ukipata karatasi?"

"Nikipata karatasi namruhusu alale nyumbani, apone. Lakini ataiandika nani? Hakuna anayeijua."

Verdell aliaga, akatoka. Ndani ya nyumba yake walikuwamo watu wawili, mbali na Lucius, walioijua.

*

Kila jioni kabla ya chakula, kwa miaka yote ile, Lucius alisimama jikoni karibu na jiko, akafunika mdomo wa tarumbeta kwa kofia yake kuukuu ili majirani wasilalamike, akapiga sauti yake. Imogene alikua akiisikia kama watoto wengine wanavyosikia maji bombani. Alipokuwa na miaka saba mwalimu aliwataka watoto waimbe nyimbo za kwao, naye akasimama kwa kujiamini akaimba "Kuku wa Jumamosi", wimbo maarufu kuliko yote ya bendi ya baba yake. Darasa zima lilivunjika mbavu. Alikuwa ameimba sauti ya tatu kutoka mwanzo hadi mwisho, akiamini kwamba huo ndio wimbo. Alirudi nyumbani akilia, na Lucius alicheka mpaka akakaa chini, kisha akampeleka kununua aiskrimu.

Jumatano alasiri, mama na binti walikaa kwenye piano ya chumba cha chini ya kanisa. Imogene alikuwa na karatasi za mistari mbele yake na penseli imechongwa, lakini hakuandika.

"Mama, tukiiandika, tumemng'oa."

"Usipoiandika tutamzika."

"Basi tumwambie kwanza."

"Atakataa. Sikio la kufa halisikii dawa, na baba yako ana mawili."

"Kwa hiyo tumwibie."

Verdell alipenda kujiambia kwamba wizi ni kuchukua kwa faida yako, lakini alijua pia kwamba alitaka sana mumewe aishi, na hiyo ilikuwa faida yake, hapakuwa na njia ya kuikwepa. "Ndiyo," alisema. "Andika."

Imogene aliandika nyimbo nne kwa siku tatu, na kila alipositasita mama yake alimwimbia. Walipofika karibu na mwisho wa "Kuku wa Jumamosi", binti alipiga kwa vidole vya taratibu, sauti ikashuka ghafla, kama mtu anayenyata, kisha ikapanda tena.

"Ni hivyo?" Imogene aliuliza.

"Ni hivyo. Hapo hupunguza sauti siku zote."

Imogene akaandika juu ya noti zile: *taratibu kabisa*.

Jumamosi Verdell alimpelekea Bynum karatasi, akamwomba asiseme neno mpaka yeye mwenyewe amwambie mumewe. Alikusudia kumwambia usiku ule. Lakini Lucius alikuwa na homa na alilala mapema. Alikusudia kumwambia asubuhi baada ya ibada, lakini siku hiyo mumewe alikunywa uji bakuli zima, akatania kidogo, naye Verdell akaona vibaya kuuharibu utani. Alipotoka jikoni na taulo mkononi, Lucius na sanduku lake walikuwa wamekwenda, saa nzima kabla ya wakati.

*

Alirudi upesi mno. Verdell alizisikia hatua zake kwenye ngazi, nzito, moja moja. Lucius aliweka sanduku la tarumbeta mezani, na juu yake akaweka karatasi moja, ukurasa wa kwanza wa "Kuku wa Jumamosi". Shavu lilikuwa limevimba hadi jicho.

"Walikuwa wameitana mapema, na kijana alikuwa amekwishakaa kwenye kiti changu," alisema. "Alisimama aliponiona. Kijana mwenye adabu. Akaniambia, 'Samahani, Bwana Tolliver, nilidhani umeambiwa.' Watu kumi na watatu wakawa wanaangalia viatu vyao."

"Nilitaka kukwambia, Lucius."

"Nikaitazama hiyo karatasi. Mimi noti naziona kama ndege kwenye waya, unajua. Lakini mwandiko niliujua. Nilimlipia masomo ya piano kwa miaka tisa." Alimgeukia Imogene, aliyekuwa ameganda karibu na jiko. "Umeandika vizuri. Kijana kaipuliza nusu ya kwanza bila kukwama. Nimesimama nje ya mlango, nimejisikiliza."

"Baba."

"Kila mtu alikuwa na kitu. Bynum ana jina. Wa kwanza ana mdomo wa dhahabu. Mimi nilikuwa na hiki tu, kwamba hawawezi kuanza mpaka nifike."

Verdell alikaa kitako mbele yake. "Ni mimi niliyemwamrisha. Ukitaka kuchukia, nichukie mimi, lakini nichukie ukiwa hai. Ukinichukia miaka thelathini nitakushukuru kila siku."

Lucius alimtazama muda mrefu, macho yakimng'aa kwa homa. Halafu alifungua sanduku, akatoa kidomo cha tarumbeta, kile kipande kidogo cha shaba kinachogusa midomo, akakipangusa kwa shati na kumwekea mkewe kiganjani.

"Kaa nacho," alisema. "Na huyo daktari wako umwambie kesho asubuhi."

*

Meno yalitoka sita, na la saba lililojificha. Daktari Pettiford alisema zingepita siku mbili zaidi, asingeweza kumwokoa. Tarehe kumi na tisa Lucius alikuwa kitandani anakunywa mchuzi kwa kijiko, na hakuna aliyeitaja tarehe. Wakati wa Krismasi alipata meno ya bandia. Alijaribu kupuliza mara moja, akiwa peke yake, akidhani hayupo mtu. Verdell aliyekuwa uani aliusikia upepo ukipita pembeni, na sauti kama ya mlango uliolegea. Baada ya hapo saa ile ya jioni kabla ya chakula ikawa ya kimya, na wakaanza kula mapema ili isiwepo.

Hakumlaumu mtu. Alikuwa mpole, alisema asante na tafadhali, na Verdell angetoa chochote asikie ugomvi.

Machi, Jumapili moja baada ya ibada, Lamont alibisha hodi. Alikuwa amevaa suti iliyoagizwa kwa posta na bahasha ya mraba ameikumbatia kifuani, naye hakujua aingie au abaki mlangoni.

"Imefika, Bwana Tolliver. Bwana Bynum alitaka kuileta mwenyewe, akaona haya. Ya kwako ndiyo ya kwanza kutoka kwenye boksi."

"Kaa," Lucius alisema. Aliigeuza santuri, akamwomba Imogene amsomee majina yaliyoandikwa nyuma. Wapiga tarumbeta walikuwa wanne, na jina la tatu lilikuwa Lamont Sykes. Lucius alitikisa kichwa kwamba ni sawa. Kisha Imogene akaiweka kwenye gramafoni.

"Kuku wa Jumamosi" ilianza, bendi nzima, nyumba ikajaa. Wageni wangesikia wimbo. Watolliver hawakuusikia. Wote watatu masikio yalikwenda moja kwa moja katikati, ilikofichwa ile ya tatu, wakaifuata ikitafuta njia yake. Karibu na mwisho, bendi ilipopanda kwa kishindo, tarumbeta moja ilishuka ghafla, ikanyata, ikapita chini ya kelele zote kama mtu anayevuka chumba cha mgonjwa, kisha ikarudi.

Lucius aliinua mkono. "Rudisha hapo."

Imogene akarudisha sindano. Ikanyata tena.

"Nani alikwambia upunguze hapo?"

Lamont alianza kuizungusha kofia yake. "Karatasi, bwana. Imeandikwa *taratibu kabisa*. Wenzangu walinicheka. Nilimwambia Bwana Bynum, hapa watu wote wanapaza, mimi peke yangu nanong'ona. Akasema, 'Soma kilichoandikwa, binti yake ndiye anayejua.' Yule mzungu wa kampuni ya santuri, nyuma ya kioo, akasema ndiyo hiyo hiyo, msiiguse. Nimekosea?"

"Ndivyo ilivyo, baba," Imogene alisema. "Ndivyo ulivyopiga siku zote."

"Ukumbini sijapunguza hata siku moja. Hapo ndipo tulipokuwa tunapasua dari." Lucius aligeuka kuelekea jikoni. "Nilipunguza hapa. Jikoni."

Verdell ndiye aliyekumbuka kwanza, na mkono wake ulimpanda mdomoni. Mwaka 1937, jioni ya siku ambayo treni iliondoka bila Lucius, alisimama karibu na jiko akapiga sauti yake peke yake, saa ile ile ambayo wenzake walikuwa safarini kwenda kurekodi. Kitanda cha mtoto walikuwa wamekisogeza jikoni kwa ajili ya joto. Alipofika mahali pale pa kishindo, Verdell alimgusa bega, akamwambia, "Hapo taratibu, ndiyo kwanza amesinzia." Akapunguza. Na jioni iliyofuata akapunguza. Mtoto akapona, akakua, akaenda shule, na hakuna aliyemwambia Lucius kwamba sasa anaweza kupaza.

"Nilikuwa nimelala," Imogene alisema taratibu. Alikuwa ameelewa.

"Ulikuwa umelala," Lucius alisema. Machozi yalimtoka bila yeye kuyazuia wala kuyafuta, yakaingia kwenye kona za ule mdomo mpya ambao bado haukumkaa sawa.

Lamont alisimama, akiwa ameshindwa kabisa kuelewa. "Naomba radhi, Bwana Tolliver. Jumapili ijayo nitaisahihisha."

"Jumapili ijayo paza. Ukiwa ukumbini hapo mtu hapunguzi, nitakuja kukuonyesha mwenyewe, hata kwa kuimba." Lucius aliuvuta mkono wa Verdell, akauweka begani pake, pale pale ulipokuwa jioni ile. "Lakini hii iacheni. Hii ni mimi."

Kisha akamwambia Imogene aianze upya, na Verdell akaenda kuukata mkate wa mahindi, vipande vinne, akakumbuka kuyatoa maganda ya kipande cha mumewe.